Gia za mkono au otomatiki: mwongozo kamili wa kuchagua pikapu ya dizeli iliyotumika

Uliza madalali watatu kuhusu pikapu ya dizeli yenye gia otomatiki, utasikia maneno yaleyale: inakunywa mafuta, mlimani haina nguvu, ikifa imekufa. Uliza kuhusu gia za mkono, utaambiwa hilo ndilo gari la kazi, halina shida. Maneno hayo hayakuzuka hewani. Hilux za zamani zenye otomatiki ya gia nne zilichechemea kweli zikipanda na mzigo, na fundi wa kuifungua giaboksi ile huko mikoani alikuwa wa kutafuta kwa tochi. Ila pikapu nyingi zinazoingia sokoni sasa zimetengenezwa baada ya 2012, na hesabu imebadilika.

Msimamo wangu ni kwamba kwenye gari lililotumika aina ya giaboksi ni swali la pili. La kwanza ni nani atakayeliendesha, na giaboksi hiyohiyo iliyo mbele yako imetunzwaje. Otomatiki iliyobadilishwa oili kwa wakati ni mali kuliko gia za mkono zilizoteswa na madereva wanne tofauti.

Hatua ya 1: Andika kazi ya gari kabla hujakanyaga yadi

Chukua karatasi, ujibu maswali haya kwa ukweli. Nani ataendesha siku nyingi za wiki? Litabeba kilo ngapi, na mara ngapi? Litavuta tela? Njia zako ni foleni ya mjini, lami ndefu, au matope ya shambani?

Swali la dereva ndilo linaloamua mengi, na ndilo watu wanalolipuuza. Kama ni wewe peke yako na umezoea klachi, gia za mkono zitakuhudumia miaka. Kama gari litakuwa la kampuni au la mradi, leo analiendesha huyu, kesho deiwaka (dereva wa kushikiza), jua kwamba klachi ndiyo itakayolipa. Dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali, au anayelishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya handbreki, anaimaliza klachi mpya kwa muda mfupi wa kushangaza, na hakuna taa ya dashibodi itakayomshtaki. Otomatiki inawavumilia madereva wa aina hiyo zaidi. Ndiyo maana nashangaa taasisi nyingi bado zinaagiza gia za mkono kwa hoja ya "uimara" wakati kila mwaka zinalipa klachi.

Foleni nayo ina sauti yake. Anayetoka Mbagala kwenda Posta jijini Dar es Salaam kila asubuhi, au anayekwama Mombasa Road jijini Nairobi, hubonyeza klachi mara nyingi mno kwa siku. Hapo otomatiki ni afya ya goti kabla haijawa starehe.

Mzigo mzito na milima: hapa watu huteleza. Otomatiki huanza kuondoka kupitia tokikonveta, chombo chenye oili kinachopokea mzunguko wa injini na kuuongeza nguvu wakati gari linaondoka. Kwa sababu hiyo, kuondoka mlimani na tani moja nyuma ni rahisi zaidi kwa otomatiki kuliko kwa klachi. Gharama yake ni joto. Ukipanda polepole kwa muda mrefu na mzigo, tokikonveta huteleza bila kufunga, yaani bila kuiunganisha injini na giaboksi moja kwa moja, oili inachemka, na oili iliyochemka mara nyingi ndiyo inayoua otomatiki. Kwa hiyo kama kazi yako ni kuvuta tela zito kila siku kwenye milima na hutaki kufunga kipoza oili cha ziada, chukua gia za mkono. Kama mzigo ni wa hapa na pale, otomatiki haikuzuii.

Hatua ya 2: Jua kila modeli inakupa nini

Hilux Vigo, ya 2005 hadi 2015, ina injini mbili za dizeli utakazokutana nazo sana: 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0. Kwa gia za mkono zinakuja na gia tano, na giaboksi hiyo ni ngumu, inafahamika na kila fundi. Otomatiki yake ya mwanzo ni ya gia nne, baadaye 3.0 ikapata gia tano. Ile ya gia nne haina ubaya wa kuharibika ovyo, tatizo lake ni nafasi kubwa kati ya gia na gia: mlimani hupanda na kushuka gia bila kutulia, na mafuta inakula kweli. Vigo ya 2.5, kwangu mimi, ni gia za mkono bila mjadala.

Hilux Revo, kuanzia 2015, ni habari nyingine. Dizeli utakazokutana nazo sana ni 2.4 na 2.8, na giaboksi nyingi, za mkono na otomatiki, zina gia sita. Angalia jambo ambalo wauzaji hawalitaji: kwenye 2.8, Toyota iliipa otomatiki nguvu ya mzunguko (ile inayovuta mzigo, hupimwa kwa Nm) ya Nm 450 na gia za mkono Nm 420. Marekebisho ya 2020 yakapeleka otomatiki hadi Nm 500, gia za mkono zikabaki 420. Kwenye baadhi ya 2.4 ni Nm 400 dhidi ya 343. Maana yake mtengenezaji mwenyewe ameibana injini ili kuilinda giaboksi ya mkono. Anayekwambia otomatiki ya Revo haina nguvu anakumbuka gari la zamani.

Ukiagiza kutoka Japani, chaguo lako limeshafanyika. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini kwao mwaka 2004, ikairudisha Septemba 2017 ikiwa dabo kabini ya dizeli 2.4 yenye otomatiki tu. Hilux ya dizeli ya gia za mkono utaipata Thailand, Afrika Kusini, Uingereza, Australia, au ile iliyouzwa mpya hapahapa kwetu. Kwa mnunuzi wa Kenya kuna kikomo cha miaka 8 kwa gari linaloingizwa, kwa hiyo Vigo yoyote atakayoinunua leo ni ile iliyokwisha kusajiliwa nchini.

Isuzu D-Max ya 2012 hadi 2019 yenye injini ya 3.0 ilianza na gia tano kwa pande zote mbili, za miaka ya mwisho zikapata sita kwenye baadhi ya masoko, na spea zake nchini Kenya ni rahisi kwa kuwa huunganishwa Nairobi. Ford Ranger ya 3.2 yenye silinda tano ina gia sita, za mkono au otomatiki. Ranger ya 2.0 yenye tabo mbili ina otomatiki ya gia 10. Gari tamu kuendesha, ila usiiguse kama huna fundi mwenye skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, inayoweza kuifundisha giaboksi upya baada ya matengenezo.

Land Cruiser 79 ya dizeli haina cha kuchagua: ilikuwa gia za mkono mpaka injini ya 2.8 ilipoingia mwishoni mwa 2023.

Hatua ya 3: Pima gereji, siyo gari

Klachi ya Hilux au D-Max hubadilishwa Sumbawanga, Kigoma, Lodwar, popote penye shimo na jeki, kwa siku moja. Seti inauzwa Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, asili na za kuiga.

Otomatiki ikiharibika ndani, hadithi inabadilika. Fundi wa kuifungua yuko mji mkubwa, na mara nyingi atakushauri ununue giaboksi ya mtumba badala ya kuikarabati ya kwako. Hiyo ya mtumba nayo hujui ilikotoka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, piga simu mbili: moja kwa fundi wa otomatiki uliye na uhakika naye, nyingine kwa muuza spea, uulize bei ya giaboksi nzima ya modeli hiyo. Kiasi atakachokutajia ndicho hatari unayoibeba. Kama kinakutisha na gari litakuwa kilomita 400 kutoka kwa fundi huyo, jibu umelipata.

Hatua ya 4: Soma kibati kabla ya kuwasha

Kwenye Toyota kuna kibati, ama ndani ya chumba cha injini ama kwenye nguzo ya mlango, chenye mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Herufi na namba zilizopo hapo ndizo giaboksi gari lilizaliwa nayo. R151F, kwa mfano, ni gia tano za mkono za foo-wili. A750F ni otomatiki ya gia tano. Linganisha na ulichokiona kabini.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu kuna pikapu zilizobadilishwa: otomatiki ilikufa, mwenye gari akafunga gia za mkono. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inadumu, lakini mara nyingi waya zimeunganishwa kwa ujanja, kontroli boksi (kompyuta ya gari) bado inaitafuta giaboksi isiyokuwepo, na taa ya injini imezimwa kwa mkato. Usiogope kuuliza. Muuzaji mkweli atakuonyesha risiti.

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hujafika. Injini na giaboksi ya baridi husema ukweli. Ya moto huficha. Ukikuta boneti ina moto, ahirisha.

Hatua ya 5: Kukagua otomatiki

Anza na oili. Kama kuna dipstiki, likiwa baridi tazama rangi na harufu tu; kiasi kipime baadaye, maana utaratibu wa Toyota ni injini ikiwa moto na inaunguruma, baada ya kupitisha kishikio nafasi zote na kukirudisha P. Oili nzuri ni nyekundu au imekolea kidogo. Kahawia inayonuka kuungua ni onyo kubwa. Yenye chembe zinazometa ni sababu ya kuondoka. Ikionekana kama yogati ya stroberi, maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi kupitia kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta. Nissan za Frontier na Pathfinder za 2005 hadi 2010 zilijulikana sana kwa ugonjwa huo Marekani. Fungua pia kifuniko cha rejeta, gari likiwa baridi, uangalie kama kuna utando wa mafuta.

Otomatiki nyingi mpya hazina dipstiki. Ujazo hupimwa kwa kufungua boliti ya ukaguzi oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji, kazi ya fundi chini ya gari. Hapo omba risiti ya kubadilisha oili. Ukijibiwa "hii oili yake ni ya maisha", elewa kwamba haijawahi kuguswa.

Sasa washa likiwa baridi. Kanyaga breki, toa P weka R, hesabu. Ndani ya sekunde moja hivi unatakiwa kuhisi giaboksi inashika kwa ulaini. Ikichelewa zaidi ya sekunde mbili, shinikizo la oili ni dogo. Ikishika kwa kishindo, tatizo ni vali, mauntini (mipira inayobeba injini na giaboksi) zilizochoka, au krosi ya propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu; chunguza ipi kabla hujakata tamaa. Rudia R kwenda D, D kwenda R.

Endesha polepole likiwa bado na baridi. Sikiliza kila gia inavyoingia. Unachokitafuta ni mshale wa mzunguko wa injini kwenye dashibodi kuruka juu ghafla kati ya gia mbili huku gari halijaongeza mwendo. Huko ni kuteleza kwa klachi za ndani, na oili mpya haitatibu.

Likishapata moto, tafuta barabara tulivu, shika kilomita 60 hadi 80 kwa saa ukikanyaga kidogo tu. Tokikonveta ikifunga, mshale wa mzunguko hushuka kidogo na kutulia. Kama wakati huo gari linatetemeka kwa sekunde moja au mbili kisha linaacha, klachi ya tokikonveta imeanza kuchoka au oili ni mbovu. Wakati mwingine oili sahihi huiponya. Usilipe bei kamili kwa matumaini hayo.

Kisha rudi nyuma ukipanda kilima. Gia ya nyuma mara nyingi ndiyo ya kwanza kulegea, na wanunuzi hujaribu kwenda mbele tu.

Malizia na skana. P0700 ni tangazo tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko. P0741 inahusu klachi ya tokikonveta, P0730 ni uwiano wa gia usiolingana, P0715 ni sensa ya mzunguko wa kuingilia. Mwambie fundi asome pia umbali tangu makosa yafutwe. Kama kosa halipo lakini yamefutwa kilomita 5 zilizopita, kuna mtu aliyejiandaa kukupokea.

Hatua ya 6: Kukagua gia za mkono

Klachi kwanza. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, weka gia ya nne, kanyaga mafuta hadi chini. Dizeli yenye tabo hutoa nguvu yake kubwa ya mzunguko injini ikizunguka karibu mara 2,000 kwa dakika, na hapo ndipo klachi iliyochoka hukubali yaishe: injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Jaribio la kuegesha na kuachia klachi kwenye gia ya tatu lipo, injini inatakiwa izime mara moja, lakini lile la barabarani linadanganyika kwa shida zaidi.

Halafu simama, gia ziwe nyutro, usikilize. Kelele inayokuja ukibonyeza klachi ni rilizi beringi, ile inayoisukuma klachi iachie. Kelele inayosikika mguu ukiwa nje na kutoweka ukibonyeza hutoka kwenye beringi ya shafti ya kuingilia, au kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hulishika. Neno flaiwili litakugharimu. Dizeli nyingi za kisasa zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi katikati, ya kumeza mtetemo, na bei yake inaweza kuizidi ya klachi yenyewe. Uliza kama imebadilishwa au imewekwa ile ngumu ya kipande kimoja. Hii ya pili inadumu, ila mtetemo wote huenda kwenye giaboksi, na injini ikiwa inaunguruma bila mwendo utausikia mlio wa meno.

Gia ya pili ndiyo shahidi. Ukishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili giaboksi ikiwa baridi, isikwaruze wala kugoma. Kisha weka gia ya juu kabisa, kanyaga na kuachia mafuta mara kadhaa. Kishikio kikiruka chenyewe kurudi nyutro, giaboksi inafunguliwa.

Ingia chini. Oili kati ya injini na giaboksi yaweza kuwa sili ya nyuma ya injini, na kuifikia ni kushusha giaboksi yote. Tazama pia silinda ndogo ya klachi. Kwenye baadhi ya modeli, Ranger ikiwemo, silinda hiyo imo ndani ya nyumba ya klachi, kwa hiyo uvujaji wa matone machache una bei ya kushusha giaboksi.

Kwa aina zote mbili, jaribu foo-wili ya juu na ya chini, ukiwa kwenye vumbi au tope, siyo lami.

Hatua ya 7: Mteremko

Anayepita mara kwa mara miteremko ya Kitonga au Nyang'oro, mkoani Iringa, atauliza kuhusu kushuka. Gia za mkono huishika injini moja kwa moja, hapo hazina mpinzani. Otomatiki inashuka vizuri pia ilimradi dereva akipeleke kishikio upande wa kuchagua gia mwenyewe na kushusha mapema, siyo katikati ya mteremko breki zikishaanza kunuka. Wengi hawajawahi kukigusa kile kishikio cha pembeni. Wanashuka kwenye D na kulaumu giaboksi. Kuteremka na nyutro, kwa gari lolote, ni tabia iliyozika watu Salgaa, kule Kenya.

Hatua ya 8: Bei, na wiki ya kwanza

Kwa gia za mkono, klachi ikiwa na dalili, kata bei ya seti nzima, flaiwili na ufundi. Kwa otomatiki isiyo na risiti ya oili, kata gharama ya huduma kamili hata kama inatembea vizuri. Kwa otomatiki inayoteleza, usikate chochote, ondoka. Hakuna punguzo linalotosha.

Ukishanunua otomatiki, badilisha oili ndani ya wiki hiyo. Ukifungua boliti ya chini hutoka theluthi hadi nusu tu, nyingine imebaki kwenye tokikonveta, kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu moja hivi, na chujio libadilishwe ukishusha sinia la chini ya giaboksi. Aina ya oili siyo suala la rangi: otomatiki ya Revo inataka WS ya Toyota au inayolingana nayo, Ranger ya gia sita inataka Mercon LV, ile ya gia 10 Mercon ULV. Muuza duka atakwambia nyekundu zote ni moja. Mwachie hiyo nyekundu yake. Baada ya hapo, kwa mizigo na vumbi letu, kila kilomita 60,000 inatosha.

Gia za mkono nazo zinabadilishwa oili, jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya. Fuata daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, GL-4 au GL-5, maana si kila sinkronaiza, kipande kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie bila kukwaruza, huipenda GL-5.

Mwisho, mfundishe kila atakayeshika usukani jambo moja la dharura. Gia za mkono betri ikichoka zinasukumwa, gari linawaka. Otomatiki haisukumwi, na ikiharibika njiani isivutwe kwa kamba magurudumu yakizunguka: pampu ya oili huendeshwa na injini, injini ikiwa imezimwa giaboksi inazunguka kavu. Bebesha kwenye gari la kubebea, au fungua propela zote mbili kabla ya kuvuta. Andika maneno hayo kwenye kikaratasi, ukibandike nyuma ya kile kizuia jua cha dereva.